Kalibu za Zamani, Plastiki Mpya: Uchambuzi wa Kisa cha Kurudisha Sokoni Midoli ya Mashujaa ya Miaka ya 1980

Maelezo ya awali

Uchambuzi huu unahusu kampuni ndogo ya Marekani ambayo, miaka michache iliyopita, ilinunua leseni ya kutoa upya midoli mitano ya mashujaa iliyouzwa kwa mara ya kwanza katikati ya miaka ya 1980. Nilishiriki katika kazi hiyo kama mkaguzi wa ubora kwa niaba ya kampuni hiyo, tangu siku kalibu za zamani zilipofunguliwa kiwandani, katika mkoa wa Guangdong nchini China, hadi shehena ya pili ilipopakiwa. Majina ya kampuni, kiwanda, watu na midoli yenyewe yameondolewa, na sura ya midoli imeelezwa kwa namna isiyoweza kuitambulisha. Mfuatano wa matukio na sababu za kila uamuzi vimeachwa kama vilivyokuwa.

Usuli

Midoli hii ni ya ukoo unaojulikana vizuri na wakusanyaji. Kimo chake ni takriban sentimita tisa na nusu, kimo ambacho kampuni ya Kenner ilikizoesha soko kuanzia mwaka 1978, na muundo wake wa ndani ni ule ambao kampuni ya Hasbro iliutumia katika midoli ya askari ya G.I. Joe mwaka 1982: kiwiliwili cha vipande viwili kilichofungwa kwa skrubu moja mgongoni, na ndani yake pete ya mpira inayovuta nyonga ili mdoli uweze kukaa, kupiga goti na kusimama wima. Kiwiliwili na mapaja vilitengenezwa kwa plastiki ngumu ya ABS, ilhali kichwa, mikono na sehemu ya chini ya miguu vilitengenezwa kwa PVC laini. Tofauti hiyo ya plastiki mbili ndani ya mwili mmoja ndiyo iliyozaa karibu matatizo yote tuliyokutana nayo, kwa hiyo namwomba msomaji aikumbuke.

Kazi ya awali ilitegemea mikono ya mafundi. Mchongaji alichonga mdoli kwa nta katika ukubwa mara mbili, nakala ngumu ikatolewa kutokana na nta hiyo, kisha mashine ya pantografu ikapapasa nakala kwa ncha moja huku ncha yake ya pili ikikata chuma cha kalibu katika nusu ya ukubwa. Kalibu ilipokamilika, nakala ile kubwa haikuonekana tena kuwa na kazi, na mara nyingi ilitupwa. Mauzo yalipopungua nchini Marekani, kalibu zilikodishwa au kuuzwa kwa kampuni zenye leseni katika nchi nyingine. Hilo lilikuwa jambo la kawaida wakati ule, na kalibu za G.I. Joe zenyewe ziliendelea kufanya kazi Brazil na India baada ya kumaliza kazi yake ya kwanza. Kalibu za midoli yetu zilipita njia hiyo hiyo, zikahama nchi zaidi ya mara moja, na mwishowe zikalala ghalani.

Sheria nayo ilikuwa imebadilika. Midoli ya awali ilitengenezwa wakati Marekani ilikuwa tayari imezuia madini ya risasi katika rangi za kupaka kupita sehemu 600 kwa milioni, kikomo kilichowekwa mwaka 1978. Sheria ya usalama wa bidhaa ya mwaka 2008 ilishusha kikomo hicho hadi sehemu 90 kwa milioni katika rangi ya kupaka na, kuanzia mwaka 2011, sehemu 100 katika plastiki yenyewe. Vilainishi vya jamii ya thaleti, vilivyoifanya PVC ya zamani kuwa laini, vimezuiwa kupita asilimia 0.1 katika vifaa vya kuchezea vya watoto, na tangu mwaka 2018 orodha ya thaleti zilizozuiwa imefikia aina nane. Kwa maneno mengine, hata kama fomula ya plastiki ya zamani ingepatikana yote kwenye daftari la kiwanda, isingeruhusiwa kutumika.

Uamuzi wa kwanza, na wakati ulipofanywa

Wakala wa leseni alipata habari kwamba kalibu za midoli mitatu kati ya mitano bado zipo. Kampuni ikaamua kutumia kalibu hizo tatu na kutengeneza kalibu mpya mbili kwa kuskani midoli ya zamani. Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni gharama, kwa kuwa kalibu ya chuma ndiyo gharama kubwa kuliko zote kabla mdoli wa kwanza haujauzwa. Ya pili ni heshima ya soko: mkusanyaji akiambiwa kwamba mdoli umetoka katika kalibu ile ile iliyouzaa ule wa utotoni mwake, huhisi kwamba anarudishiwa kitu chake na haoni kwamba anauziwa mfano wake. Naielewa hisia hiyo na siidharau hata kidogo.

Kosa lilikuwa katika wakati. Kampuni ilitangaza hadharani kwamba midoli mitatu itatoka katika kalibu za awali, ikaanza kupokea malipo ya mapema, kabla mtu yeyote hajazifungua kalibu hizo na kutazama ndani.

Kalibu zilipofunguliwa

Kalibu ya kwanza ilikuwa salama kwa sehemu kubwa. Aliyeihifadhi mara ya mwisho aliipaka mafuta ya kuzuia kutu, na uso wa ndani ulikuwa bado unang'aa. Kalibu ya pili ilikuwa na kutu ndani ya sura ya mdoli, na kutu ikisafishwa huacha vishimo vidogo ambavyo kwenye plastiki hutokea kama vipele. Kwenye mkono usingeviona, lakini vilikuwa shavuni. Njia zake za maji ya kupooza zilikuwa zimeziba kwa chokaa, na kingo ambapo nusu mbili za kalibu hukutana zilikuwa zimelika kwa miaka ya kazi, hivyo kila mdoli ulitoka na utando mwembamba wa plastiki ubavuni uliohitaji kukatwa kwa kisu.

Kalibu ya tatu ndiyo iliyotushangaza. Miili ilikuwa sawa, lakini kichwa hakikuwa cha mdoli tuliokuwa tumeuahidi. Kampuni mojawapo iliyoitumia nje ya Marekani ilikuwa imebadilisha sehemu ya kichwa ili kuuza mhusika mwingine, na chuma cha awali kilikuwa kimekatwa na kutupwa. Ieleweke kwamba kalibu ni sura iliyo kinyume: kuondoa chuma ni kuongeza plastiki, na kuongeza chuma ni kupunguza plastiki. Chuma kilichoondolewa kinaweza kurudishwa kwa kulehemu, lakini uso hauwi ule tena, na jicho la mkusanyaji litakiona kiraka. Tulilazimika kuchonga kichwa kipya kwa kufuata skani ya mdoli wa zamani na kukitengenezea kipande kipya ndani ya kalibu ya zamani.

Kampuni ilikuwa na hiari ya kunyamaza, na walikuwepo waliopendekeza hivyo. Badala yake ilitoa tangazo fupi kwamba kichwa cha mdoli mmoja ni kipya, na wateja wachache wakadai fedha zao. Nilifurahi kuona uamuzi huo, hasa kwa kuwa aliyeusimamia alijua fika kwamba utamletea hasara.

Midoli miwili isiyo na kalibu

Kwa midoli miwili iliyobaki, tulinunua kutoka kwa wakusanyaji midoli iliyokuwa haijawahi kutolewa kwenye kadi zake, yaani karatasi ngumu za ufungashaji iliyouzwa nazo, tukaifungua na kuiskani kwa skana ya pande tatu. Kuifungua kuliwaumiza wengi, na baadhi ya wauzaji walitukatalia walipojua kusudi letu. Hata hivyo, haikuwezekana kutumia midoli iliyochezewa, kwa sababu kingo zake huwa zimelainika, na vidole gumba, ambavyo ndivyo udhaifu mkubwa wa midoli ya aina hii, huwa vimevunjika kwa kulazimishiwa silaha mkononi.

Hapa ndipo tulipoingia katika jambo ambalo wengi hulisoma kwenye vitabu lakini hawalitarajii mikononi mwao. Aliyewahi kufyatua matofali anajua kwamba tofali likikauka huwa dogo kuliko kalibu iliyolizaa. Plastiki nayo husinyaa inapopoa: ABS husinyaa kwa karibu nusu ya asilimia, na PVC laini husinyaa kwa asilimia moja hadi mbili na nusu kutegemea kilainishi kilichomo. Mdoli tuliouskani ulikuwa tayari umesinyaa mara moja ulipotengenezwa. Zaidi ya hayo, sehemu zake za PVC zilikuwa zimepoteza kilainishi kidogo kidogo kwa zaidi ya miaka thelathini, na PVC inayopoteza kilainishi hupungua tena. Kwa hiyo skani iliyo sahihi kabisa ilikuwa picha ya kitu ambacho hakikuwa tena na ukubwa wake wa awali.

Mhandisi wa kiwanda alikuza faili kabla ya kukata chuma, kama inavyopasa, lakini alitumia kiwango kimoja, kile cha ABS, kwa sehemu zote. Sampuli za kwanza zilipotoka, midoli miwili mipya ilikuwa mifupi kwa takriban milimita moja kuliko ile mitatu, na mabega yake yalilegea kiasi kwamba mkono ulioinuliwa ulishuka wenyewe. Kipini cha bega, yaani kijiti cha mkono kinachoingia kwenye tundu la kiwiliwili, chenye kipenyo cha milimita tano kinahitaji kupungua kwa chini ya sehemu ya kumi ya milimita tu ili kisishike tena. Jicho halioni kasoro ndogo namna hiyo, lakini mkono wa mtu aliyecheza na mdoli huo akiwa na miaka minane huihisi papo hapo.

Kasoro mbili zinazopingana

Mshangao mkubwa ulitoka upande wa pili wa meza. Midoli mitatu iliyotoka katika kalibu za zamani, ambayo sote tuliamini kwamba ingekuwa sahihi kwa sababu ya chuma chake, ilikuwa na mabega yaliyokaza mno, na mikono kadhaa ilichanika kwenye kipini wakati wa kujaribiwa. Chanzo kilikuwa kile kile. Kalibu za zamani zilikatwa kwa kukadiria kusinyaa kwa PVC ya zamani yenye thaleti. PVC mpya, yenye kilainishi kisicho cha jamii hiyo, ilisinyaa kidogo kuliko ile, hivyo vipini vikatoka vinene kuliko ilivyokusudiwa mwaka ule chuma kilipokatwa. Chuma kilikuwa cha kweli, na bado mdoli haukuwa ule.

Marekebisho yalifuata njia mbili. Katika kalibu mpya, fundi wa kiwanda alikuwa ameacha chuma cha akiba kwenye sehemu za viungo, desturi njema ya mafundi wa kalibu wanaojua kwamba kupunguza ni rahisi kuliko kurudisha. Alikata kidogo, vipini vikanenepa, na mabega yakashika. Katika kalibu za zamani hakuna aliyetaka kugusa sura ya mikono. Tuligundua kwamba tundu la bega kwenye kiwiliwili hutengenezwa na pini ya chuma inayoweza kuchomolewa, tukatengeneza pini nene zaidi, tundu likapanuka, na kipini kikaingia bila kuchanika. Pini za awali zilifungwa kwa karatasi ya mafuta na kuhifadhiwa.

Katika hatua hii ndipo mtu mmoja alipokumbuka kumtafuta fundi mstaafu aliyewahi kuziendesha kalibu hizo katika nchi mojawapo zilikopita. Kwa simu moja alitueleza kwamba kalibu ya pili haikupenda baridi, na kwamba walikuwa wakiipitishia maji ya moto kabla ya kuanza zamu ili vidole vya mdoli vijae vizuri. Tulikuwa tumepoteza wiki mbili tukitafuta sababu ya vidole gumba kutoka pungufu.

Rangi ya plastiki

Mmoja wa midoli hiyo una fulana ya rangi ya machungwa. Kipimo cha eksirei kilionyesha kwamba plastiki ya awali ilikuwa na kadimi, madini yaliyotumika sana zamani kutia plastiki rangi nyekundu, ya machungwa na ya njano, na ambayo hatukuwa tayari kuyarudisha katika kitu kinachoweza kufika mdomoni mwa mtoto. Rangi mbadala ililingana na sampuli chini ya taa ya mchana ya maabara, kisha ikaonekana tofauti kabisa chini ya taa za dukani, kwa sababu rangi mbili zinaweza kufanana katika mwanga mmoja na kuachana katika mwingine. Ilibidi mchanganyiko urudiwe mara nne.

Swali gumu zaidi lilikuwa ni kulinganisha na nini. Kila mdoli wa zamani tuliokuwa nao ulikuwa na rangi yake: mmoja ulififia kwa jua la dirishani, mwingine ulikolea umanjano. Msimamizi wa rangi ndiye aliyependekeza tufungue skrubu ya mgongoni na kutazama ndani ya kiwiliwili, na ndani ya tundu la bega, mahali ambapo mwanga haujafika tangu siku mdoli ulipofungwa kiwandani. Rangi tuliyoikuta humo ilikuwa kali na changa, karibu kama ya jana. Hiyo ndiyo tuliyoifuata.

Kombora

Mdoli mmoja hubeba mgongoni kifaa chenye springi kinachorusha kombora dogo. Tasnia hii ina jeraha lake katika jambo hilo: mwishoni mwa mwaka 1978 mtoto mmoja nchini Marekani alikabwa na kombora la chombo cha angani cha kuchezea akafa, na ndiyo sababu Kenner haikuthubutu kuuza sanamu ya Boba Fett, mhusika wa filamu za Star Wars, ikiwa na roketi inayofyatuka kama ilivyokuwa imeahidi. Kombora letu liliingia zima ndani ya silinda ya kupimia vipande vidogo, ambayo kipenyo chake ni milimita 31.7.

Baadhi ya wakusanyaji walishauri bidhaa iandikwe kwamba ni ya watu wazima tu, na jambo liishe. Ushauri huo haukutosha. Mamlaka za Marekani hazisomi maandishi ya kadi peke yake, bali hutazama pia jinsi bidhaa inavyoonekana, inavyouzwa na inavyotambuliwa na watu, na mdoli wa shujaa kwenye kadi yenye michoro ya vita vya angani hutambuliwa kuwa wa mtoto. Kampuni iliamua midoli yote ipimwe kama kifaa cha kuchezea cha watoto, springi ikaondolewa, na kombora likaunganishwa moja kwa moja na kifaa chake. Naona ulikuwa uamuzi sahihi kuliko yote yaliyofanyika katika kazi hii, na ningeutetea hata kama mauzo yangepungua.

Kadi na alama

Kadi haikuleta shida kubwa. Filamu za uchapaji zilikuwa zimepotea, na skani ya kadi ya zamani ilionyesha vitone vya uchapaji ambavyo vikichapwa tena huzaa mawimbi, hivyo mchoro ulipakwa upya kwa kompyuta juu ya skani. Nyuma ya paja la kila mdoli uliongezwa mwaka mpya, ili asitokee mtu wa kuuza toleo jipya kwa bei ya lile la zamani.

Matokeo

Shehena ya kwanza ilichelewa kwa miezi saba, ikiwemo mapumziko ya Mwaka Mpya wa Kichina, ambapo nusu ya wapaka rangi hawakurudi na waliochukua nafasi zao walihitaji kufundishwa upya kuchora macho. Ilipofika Marekani, malalamiko yalianza ndani ya wiki chache: rangi ya kupaka kwenye mikono ilikuwa inanata, na kwa baadhi ilikuwa imeshikamana na ganda la plastiki la kadi. Kilainishi kipya kilikuwa kimepanda kutoka ndani ya PVC na kuilainisha rangi, na joto la kontena baharini liliharakisha jambo hilo. Sampuli zilikuwa zimefaulu kipimo cha kubandua rangi kwa utepe, lakini zilipimwa siku chache tu baada ya kupakwa. Mimi ndiye niliyeweka sahihi kwenye kipimo hicho.

Kampuni ilibadilisha mikono ya kila mteja aliyelalamika bila malipo. Katika shehena ya pili rangi ilibadilishwa, na kila kundi lilikaa wiki moja ndani ya oveni likiwa limegusana na ganda la kadi kabla ya kuruhusiwa. Tatizo halikurudi.

Uchambuzi

Ukitazama matokeo bila kujua historia, jambo moja linashangaza: midoli miwili ya kalibu mpya ilisifiwa na wateja kuliko ile mitatu ya kalibu za awali. Sura zake zilikuwa kali zaidi, viungo vilishika vizuri, na havikuwa na vipele wala utando ubavuni. Kampuni ilikuwa imeweka imani na fedha zake za mwanzo kwenye chuma, ilhali sehemu kubwa ya mdoli wa zamani ilikaa mahali pengine: katika fomula ya PVC, katika joto la kalibu, katika ukubwa wa pete ya mpira, na katika kichwa cha fundi mstaafu ambaye hakuna aliyemuuliza hadi tulipokwama. Kama tungeanza na vitu hivyo, tungechagua plastiki kwanza, tukapima kusinyaa kwake kwenye kalibu moja iliyo salama, na ndipo tukakata chuma kipya au kuahidi cha zamani.

Siafiki, hata hivyo, maoni ya mwenzangu mmoja kwamba kalibu za zamani zilikuwa kazi bure. Kalibu ya kwanza ndiyo iliyotupa kipimo cha kweli. Kwa kuwa ndani ya chuma hakuna kilichosinyaa, tulipima sura yake moja kwa moja na kujua kwamba midoli ya kadi imepungua kiasi gani tangu ilipozaliwa, na kipimo hicho ndicho kilichoongoza marekebisho ya kalibu mpya. Iwapo ingetumiwa hivyo tangu mwanzo, kama rula na si kama ahadi ya tangazo, ingeokoa miezi.

Kosa la kiwango kimoja cha kusinyaa liliokolewa na akiba ya chuma aliyoiacha fundi, wala si na ukaguzi wetu. Kosa la rangi inayonata halikuokolewa na chochote, kwa sababu kipimo chetu kiliuliza kama rangi imeshika leo, bila kuuliza kama itashika baada ya mwezi mmoja karibu na kitu kinachotoa mafuta. Yote mawili yalitokana na kuichukulia PVC kama kitu kilichotulia, ilhali huendelea kubadilika miaka mingi baada ya kutoka kalibuni, na midoli ya zamani tuliyoishika mikononi ilikuwa ushahidi wa hilo tangu siku ya kwanza.

Mjadala mmoja haujaisha. Wateja wengi huandika kwamba fulana ya rangi ya machungwa imekolea mno na kwamba mdoli wao wa utotoni haukuwa hivyo. Wanasema kweli kuhusu mdoli walioufahamu, uliokaa dirishani na barazani kwa miaka. Kwa toleo la tatu, kampuni imebaki na rangi ya ndani ya tundu la bega. Kipande kilichokatwa humo, pamoja na kingine kilichofifia cha kifuani, vimewekwa katika kasha moja na fomula ya PVC, pini za awali za mabega na maelezo ya fundi mstaafu kuhusu maji ya moto, na kalibu zenyewe zimepakwa mafuta na kurudishwa ghalani.